Nyumba Moja Haikutosha Olenguruone

Binti yangu Wambui akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hahitaji maneno mengi, huningoja tu nifike pale ninapoanza kuwaeleza watu jinsi ya kupanga mambo yao, kisha anauliza kwa sauti ya malaika, "Dad, na yule ndama anaendeleaje?" Mke wangu huinuka kwenda jikoni kuangalia kitu ambacho hakipo, na mimi hubaki nimeshika kikombe cha chai nikitazama ukuta. Basi nimeona heri nisimulie mwenyewe, maana kisa hiki kimeshafika hadi kwa fundi wangu wa viatu pale mjini Nakuru, na kila kinapopita mdomo wa mtu mimi napungukiwa na nguo. (Nguo zilikuwa chache vya kutosha, kama mtakavyosikia. Hakuna haja ya kuongeza chumvi.)

Mambo yalianza kwa shukrani. Mama mkwe wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji mkubwa, tukakaa miezi tukiwa hatuongei kwa sauti nyumbani, tukiogopa kila simu inayolia, halafu polepole akaanza kula, akaanza kutembea, na siku moja daktari akasema anaweza kwenda zake. Kilichobaki ni kwamba alikuwa hacheki. Mama aliyekuwa akicheka hadi majirani wanauliza kuna nini, sasa alitabasamu tu kwa adabu, kama mtu aliye kwenye chumba cha kungojea. Mke wangu, Nasimiyu, aliliona hilo kuliko sisi wote. Likizo ya Agosti ilipokaribia akaniambia, "Nataka Mama aamke mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza kama amekunywa dawa. Mahali pa baridi, pa milima, atulie siku chache. Wewe si ndiye wa kupanga? Panga. Na uchukue nyumba mbili."

Hapo pa nyumba mbili inabidi niwaeleze. Mke wangu ni Mbukusu, na kwao mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mikono, hawakai meza moja, na mkwe mwenye akili hapiti mbele ya mama mkwe akiwa na vesti. Miaka yote ya ndoa yetu Mama hajawahi kulala kwetu hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, hata siku moja, na hata alipotoka hospitali akiwa bado dhaifu alipelekwa kwa mpwa wake mtaa wa Free Area, sisi tukawa tunambebea uji kwa flaski. Mimi kwetu hatuna mambo hayo, lakini nimeyazoea, nayapenda hata, kwa sababu yanampa mtu heshima bila yeye kufanya chochote.

Sasa mjue kwamba mimi ni mtu wa kuandika makala na kuhariri vitabu vya shule, nimekalia viti vya chuo kikuu hadi vikaniacha na maumivu ya mgongo, na mtu wa aina hiyo ukimpa kazi ya kupanga likizo ya bei nafuu anaifanya kama anatafuta digrii nyingine. Nililinganisha. Pwani niliifuta mapema (Mama anasema joto la kule linamfanya mtu ajute kuwa na mwili). Naivasha niliona bei za hoteli nikaelewa zimewekewa watu ambao wanalipiwa na kazi. Nyahururu palikuwa pamejaa. Halafu jioni moja, kwenye simu, nikaona tangazo la mapumziko ya mlimani, Olenguruone, juu kabisa kwenye Mau, msitu upande huu, majani chai upande ule, maziwa bure. Nikapiga simu papo hapo.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Cherono, mjane anayefuga ng'ombe wa maziwa, na alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa.

"Ziko nyumba mbili," akaniambia. "Ile kubwa, na ile ndogo ya nyuma. Mko wangapi?"

"Wanne. Mimi, mama watoto, binti yetu, na mama mkwe."

"Haya. Basi mnataka zote mbili."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojichimbia shimo. Nilifikiri kidogo, nikaona vyumba vya nyumba kubwa vinatutosha, nikaona bei, nikapata wazo ambalo mtu asiyesoma asingelipata. Nilijiambia hivi: sheria ya paa inahusu nyumba ya mkwe na nyumba ya mama mkwe. Olenguruone si kwangu, si kwake. Ni kama uwanja wa ugenini kwa timu zote mbili. Huko mila ziko likizo kama sisi.

"Ile kubwa inatosha," nikasema.

Nasimiyu alipouliza kama nimemaliza kupanga nilimjibu kwamba kila kitu kiko sawa, akaniamini, akaanza kumnunulia mama yake sweta.

Safari ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikataa. Tulipanda kwa gari letu kupitia Njoro, Elburgon na Molo, Mama akiwa nyuma na Nasimiyu, mimi nikiwa nimekigeuza kile kioo cha kati kidogo ili nisikutane na uso wake (ndiyo, tunaendesha hivyo, na bado hatujagonga mtu). Tulipopita Keringet ukungu ukashuka, viazi pande zote, kondoo barabarani, na Mama akafungua dirisha akavuta hewa. "Hii ni hewa ya mtu mzima," akasema. Nasimiyu akanigusa bega kutoka nyuma. Niliona nimefaulu.

Tulifika mchana. Nyumba ilikuwa safi, ya mawe, ina maua ya kutosha, na nyuma yake mlima umefunikwa na msitu hadi juu. Wambui akashuka, akatazama ng'ombe, akatazama simu yake ambayo haikuwa na mtandao. "Dad, hii ni resort ama ni shags ya mtu?" Nikamwambia ni zote mbili, hoteli na kijijini kwa mtu. Mama Cherono akatukaribisha kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, Mama akanywa yote, akasifu, akainuka kuonyeshwa chumba chake. Akakipenda. Akaonyeshwa cha Wambui. Kisha akasimama mbele ya mlango wa tatu, akautazama, na akauliza, bila kunigeukia, akimwambia binti yake:

"Na Baba Wambui atalala wapi?"

Nasimiyu alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena na siombi kuiona. Basi mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza. Nikaeleza habari ya uwanja wa ugenini. Nilieleza vizuri, kwa mifano, na nadhani hata mikono niliitumia. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akitazama sakafu.

"Sikukatalii, Baba Wambui," akasema kwa upole. "Umesoma. Lakini paa ni moja."

Akatoka nje, akaingia kwenye gari, akaketi na mkoba wake magotini. Hakununa wala hakulalamika. Alisema tu kwamba amepaona, ni pazuri, ameshukuru, na sasa kama hatuna shida tumrudishe Free Area kabla mvua haijaanza.

"Nyumba ndogo je?" nikamuuliza Mama Cherono.

"Wameichukua vijana wa kupima barabara. Wiki nzima," akasema. "Nilikuuliza."

Nasimiyu alinivuta kando ya maua. Hakupaza sauti. "Mama yangu alilala kule hospitali akitazama dari, mimi nikimwambia atapona na nitampeleka mahali pazuri. Hilo tu ndilo nililomuahidi. Sasa anakaa kwenye gari." Alisema hivyo tu, na ningependelea anitukane.

Nikatangaza kwamba nitalala garini. Mama Cherono akanitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Kwa hii baridi? Utaamka ukiwa maiti, na mimi sina kibali cha hayo. Kuna stoo ya nyasi kavu pale karibu na ng'ombe. Ina joto kuliko nyumba." Habari ikapelekwa garini. Mama akafikiri, kisha akamtuma Wambui akaangalie kama paa la stoo limeshikana na paa la nyumba mahali popote. Wambui akaenda, akazunguka, akarudi akasema hapana, kuna nafasi ya kupita ng'ombe. Ndipo Mama akashuka garini.

Nililala kwenye nyasi, na kusema kweli nililala kama mtoto. Laiti kisa kingeishia hapo, ningekuwa mtu wa kusifiwa.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, nikataka kuoga. Bafu lilikuwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba alikuwa Mama. Mama Cherono akanionyesha bafu la nje, la wakamuaji, akanimwagia maji moto kwenye karai. Lilikuwa la mabati, halina paa, kuta zake zikinifika mabegani, na mlango wake ulikuwa magunia mawili ya viazi yaliyoshonwa pamoja na kuning'inizwa kwa misumari. Ndani hapakuwa na pa kutundika kitu. Basi nikaweka kila kitu juu ya ukuta wa bati, taulo, shati, suruali, na vile vingine ambavyo sina haja ya kuvitaja, nusu vikiwa ndani na nusu vikining'inia nje. Nikaanza kuoga nikiimba polepole, nikiwaza kwamba hii ndiyo likizo yenyewe.

Povu likiwa kichwani, nikasikia watu. Kikundi cha akina mama wa kanisa la Mama Cherono walikuwa wamesikia kuna mgeni aliyetoka kwenye ugonjwa mkubwa, wakaja kumsalimia na kumshukuru Mungu pamoja naye. Hilo ni jambo jema. Ila jua la asubuhi lilikuwa linapiga upande wa bafu, kwa hiyo viti vilipangwa kwenye nyasi pale pale, vikielekea jua, yaani vikinielekea mimi, na njia ya kwenda stoo ilikuwa inapita katikati ya bafu na viti. Mama akaletwa, akawekwa katikati na shali lake. Wakaanza kuomba.

Mimi nikachuchumaa. Nilipanga kungoja waseme amina, nivae, nitoke kama mtu wa heshima. Nikasuuza kichwa bila kutoa sauti (jaribuni siku moja, ni kazi), nikanyoosha mkono juu ya ukuta kuchukua taulo. Nikashika bati. Nikapapasa huku, nikapapasa kule. Bati. Nikachungulia kwenye tundu la msumari nikaona ndama mweupe na mweusi, ana macho mazuri ajabu, anatafuna taulo langu kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti. Shati lilikuwa kwenye matope chini ya kwato zake. Suruali sikuiona. Nikamnong'oneza, "We, rudisha." Akanitazama, akaacha taulo kwenye matope, akageuka, na hapo nikaiona suruali, mguu mmoja umeng'ang'aniwa mdomoni, mwingine unaburutwa, akiondoka nayo kuelekea kwenye maombi.

Sala ilikuwa imefika mahali pa utulivu. Nilisikia mama mmoja akiuliza chinichini, "Kuna mtu kwa bafu?"

"Ni mkwe," Mama Cherono akajibu. "Anaoga."

"Tangu tufike?"

"Ni mtu wa Nakuru. Wao huoga sana."

Ndipo Nasimiyu, aliyekuwa jikoni na hajui lolote, akaamua kunipigia simu aniulize chai aniletee wapi. Simu ilikuwa mfukoni mwa suruali. (Mtandao wa Olenguruone, uliokuwa umemkatalia Wambui tangu jana, ulichagua dakika hiyo kufika.) Na mlio wa simu yangu, ambao Wambui aliniwekea kwa utani na mimi sijui kuubadilisha, ni jogoo. Basi ndama akawika. Aliwika mbele ya akina mama wa kanisa, suruali mdomoni, kisha akajitisha mwenyewe, akaruka, akakimbia akizunguka viti huku jogoo anaendelea na mfuko unapepea, wanawake wanainua miguu, mpaka suruali ikamponyoka ikatua karibu na shali la Mama.

Jogoo akanyamaza.

"Hii," Mama Cherono akasema polepole, "si ni longi ya mkwe?"

Nyuso zote zikageukia bafu. Nilikuwa nimesahau kuchuchumaa. Kichwa changu kilikuwa pale juu ya bati, kimelowa, na macho yangu yakakutana na macho ya mama mkwe wangu, jambo ambalo tumeliepuka kwa nguvu za pande zote mbili tangu siku ya mahari. Aliinamisha uso haraka. Mimi nikashuka chini kama jiwe. Na pale chini, kwenye maji yaliyoanza kupoa, nilichokiwaza si aibu yangu. Niliwaza kwamba sasa ataondoka. Jana lilikuwa paa tu, leo ni hili, hata mtu mpole kiasi gani ataomba apelekwe kwa mpwa wake, na mke wangu hatakuwa na neno la kumwambia.

Kisha nikasikia sauti ya Mama, imara, sauti ya zamani ya mwanamke aliyewahi kuongoza kwaya.

"Wamama. Tangu tukae hapa tumeupa huu mlima mgongo. Mlima mzuri hivi. Geuzeni viti."

"Jua je, Mama?"

"Jua litatupata mgongoni. Geuzeni."

Nikasikia miguu ya viti kwenye nyasi, viti vyote, kimoja kimoja, vikigeuzwa.

"Sasa tuimbe. Na yeyote atakayegeuka kabla wimbo haujaisha, huyo ana lake."

Wakaimba. Nikaelewa. Nguo sikuwa nazo, taulo lilikuwa sehemu ya Olenguruone, na kitu pekee cha kitambaa kilichobaki duniani kilikuwa mlango. Nikaung'oa kwenye misumari nikajifunga. Nilitoka bafuni nimevaa mlango, ndugu zangu, mlango unaonuka viazi, nikapita nyuma ya ile migongo yote kwa miguu mitupu kwenye umande, na hakuna aliyegeuka. Hata mmoja. Nilipofika nyuma ya kiti cha katikati nikaona mabega ya Mama yanatikisika chini ya shali. Nikadhani analia. Nikakimbia sehemu iliyobaki.

Nasimiyu alinikuta nimejizika kwenye nyasi kavu hadi shingoni. Alikuwa na suruali mkononi, imekatwa mfuko, na machozi yanamtiririka.

"Analia sana?" nikamuuliza.

Alijaribu kunijibu akashindwa, akaketi chini hapo hapo kwenye nyasi. "Anacheka," akasema alipopata pumzi. "Ameshika kovu, anasema linamuuma, na anacheka. Amewaambia wote waache kuimba kwa sababu hawezi kucheka na kuimba pamoja." Akajifuta uso kwa suruali yangu. "Sijamsikia hivyo tangu alazwe."

Tukasikiliza. Kilifika hadi kwenye stoo, juu ya ng'ombe, kile kicheko cha majirani kuuliza kuna nini. Kikipungua, mama mmoja anaiga jogoo, kinaanza upya. Sijawahi kufurahi kiasi hicho kwa kuchekwa.

Jioni nikaitwa. Nilisimama mbali, nimevaa suruali nyingine na mkanda nimeukaza hadi tumboni panauma, na Mama akazungumza akiutazama mlima.

"Baba Wambui, kwetu jambo kama hili haliachwi hivi hivi. Mkwe hutoa kitu, mambo yakae sawa."

"Najua, Mama. Niko tayari." Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria mbuzi na mahali pa kumpata.

"Mbuzi sitaki. Utanileta hapa tena mwaka ujao." Shali likatikisika. "Nyumba mbili."

Tulikaa siku zetu zote tulizopanga. Mimi nililala na nyasi zangu, nikaogea kwa ndoo ndani ya stoo, mlango umefungwa kwa komeo, nguo nimezikalia. Mama alitembea kila asubuhi hadi kwenye majani chai na kurudi, akafundisha akina mama wale wimbo wa kwao, na alipokuwa akipanda gari kurudi alimwachia ndama chumvi ya kulamba. Hakuna aliyemuuliza habari ya dawa.

Tangu hapo sijamshauri mtu yeyote jinsi ya kupunguza gharama za likizo, na mtu akiniambia mke wake amesema nyumba mbili namwambia achukue mbili, aache kufikiri. Juzi, Agosti ikiwa inakaribia, nilimpigia simu Mama Cherono. Aliijua sauti yangu kabla sijajitaja. Akaniuliza, taratibu kama kawaida yake, mwaka huu tuko wangapi.

"Zote mbili," nikasema.

Akacheka. Akaniambia bafu la nje sasa lina mlango wa mbao, na yule ndama amekuwa mtamba mkubwa, kijiji chote kinamwita Suruali. Nikashukuru, nikakata simu, nikampa Nasimiyu habari, naye akampigia mama yake. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ndiyo, Mama. Tarehe tutakuambia. Ndiyo, mbili, nimehakikisha mwenyewe. Kisha akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia akijikaza asicheke.

"Anauliza kama ndama atakuwepo."